Ndoto za Alinacha na kikaratasi cha bahati nasibu

Kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu saa nzuri ya kununua tiketi ya bahati nasibu. Wapiga hesabu wanasema nunua dakika za mwisho. Chukua mtu ambaye uwezekano wake wa kufariki ndani ya mwaka mmoja ni 1 kati ya 1,000. Mwaka una dakika 525,600, kwa hiyo uwezekano wa kufariki ndani ya dakika moja yoyote ni kama 1 kati ya 525,600,000. Mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49 una nafasi 1 kati ya 13,983,816. Gawanya, utapata dakika 37 na ushei. Mtu huyo akinunua tiketi mapema kuliko hapo, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzikwa kabla ya droo kuliko wa kuibuka na jekipoti, yaani zawadi kuu.

Waotaji wanasema kinyume: droo ikiwa Jumamosi, nunua Jumatatu. Tiketi ni ileile na nafasi ni ileile, ila ya Jumatatu inakuja na siku tano za kujenga nyumba kichwani, kulipa madeni ya ukoo mzima na kumwandikia bosi barua fupi ya kuacha kazi. Aliyenunua saa moja kabla ya droo anapata saa moja tu ya hayo.

Kwa maoni yangu waotaji wana hoja, kwa sababu ukiangalia hesabu kwa utulivu, muda wa kuota ndicho kitu pekee unachonunua kwa uhakika. Watu huziita ndoto za Alinacha kwa kejeli. Alinacha, muuza vyombo vya kioo, aliota faida juu ya faida hadi akafika kumwoa binti wa waziri, akarusha teke la maringo, na kapu zima likavunjika. Anachekwa kwa kuota, lakini wenye vichwa kama vyake ni wengi na vioo vyao vipo salama. Kilichomponza ni kuota huku mtaji wake wote uko mbele ya mguu. Mengi yaliyo hapa chini yanahusu namna ya kulisogeza kapu kando.

Milioni kumi na nne ni kiasi gani

Ile 13,983,816 si siri ya serikali. Namba ya kwanza ina njia 49 za kutokea, ya pili 48, kisha 47, 46, 45 na 44. Zidisha zote upate 10,068,347,520. Kwa kuwa mpangilio hauna maana (3 kabla ya 17 ni sawa na 17 kabla ya 3), gawanya kwa njia 720 za kupanga namba sita. Ukifanya mara moja mwenyewe kwa kikokotoo cha simu, hutahitaji kumwamini mtu tena.

Ugumu ni kwamba akili haina mahali pa kuiweka namba kama hiyo. Jaribu hivi: mtu amechagua sekunde moja ndani ya siku 162 zijazo, wewe uitaje ni ipi. Hiyo ndiyo 6 kati ya 49. Kwa Powerball ya Marekani, ambako unachagua 5 kati ya 69 na mpira mmoja wa pembeni kati ya 26, nafasi ni 1 kati ya 292,201,338, yaani sekunde moja ndani ya miaka tisa na miezi mitatu. EuroMillions ya Ulaya iko katikati, 1 kati ya 139,838,160.

Au iangalie kwa upande wa subira. Mtu anayecheza mistari miwili (mstari ni seti moja ya namba sita) kila wiki katika 6 kati ya 49 angeshinda jekipoti kwa wastani mara moja katika miaka 134,460.

Kisichosemwa sana ni jinsi tiketi ya kawaida inavyoonekana baada ya droo. Katika 6 kati ya 49, karibu asilimia 43.6 ya mistari haipati namba hata moja, na asilimia 41.3 inapata moja tu. Ukijumlisha, mistari 85 katika kila 100 inatoka na namba moja au bila kitu. Namba tatu, ambazo kwa kawaida ndiyo zawadi ya chini, hutokea mara 1 katika 57. Kwa hiyo ukipata namba moja wiki tatu mfululizo, hakuna mkosi wala nyota mbaya. Ndivyo mchezo ulivyo.

Zile zawadi ndogo hazirudishi gharama pia. Katika Powerball, ukiondoa jekipoti, zawadi nyingine zote kwa pamoja zinarudisha wastani wa senti 32 kwa kila tiketi ya dola 2. Zilizobaki zinategemea tukio la sekunde moja katika miaka tisa.

Hapo ndipo ilipo hoja ya tiketi moja. Bila tiketi, nafasi ni sifuri na ndoto haina mahali pa kusimama. Ukiwa na moja, mlango uko wazi kidogo na akili inaweza kupita. Ya pili inaongeza nafasi maradufu, kweli, lakini maradufu ya kitu kidogo hivyo bado haionekani kwa macho. Ukinunua mistari 100 kwa droo moja, nafasi yako ni 1 kati ya 139,838. Umelipa mara mia, na ndoto haijawa tamu mara mia.

Kwa nini jekipoti zimekuwa kubwa hivi

Zimetengenezwa ziwe hivyo. Jekipoti isipopata mshindi hubebwa hadi droo inayofuata, na kadiri inavyovimba ndivyo watu wanavyopanga foleni. Waendeshaji waliligundua hilo mapema, na dawa yao ni rahisi: fanya kushinda kuwe kugumu zaidi. Oktoba 2015 Powerball ilitoka nafasi 1 kati ya 175,223,510 ikaenda 1 kati ya 292,201,338. Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Januari 2016, jekipoti ilifika dola bilioni 1.586. Mwezi huohuo wa Oktoba 2015, Lotto ya Uingereza iliongeza mipira kutoka 49 hadi 59, na nafasi ikaporomoka kutoka 1 kati ya milioni 14 hadi 1 kati ya milioni 45. Tangazo la jekipoti kubwa ni tangazo la mchezo mgumu, ila upande huo wa bango huandikwa kwa herufi ndogo.

Jekipoti nono huleta tatizo jingine: wanunuzi. Tiketi zikiuzwa nyingi sawa na idadi ya michanganyiko yote, na wewe ukashinda, uwezekano wa kuwa peke yako ni kama asilimia 37 tu. Ile ya Januari 2016 iligawanywa kwa tiketi tatu.

Namba: unachoweza kubadilisha na usichoweza

Mpira hauna kumbukumbu. Haujui kuwa 17 haijatoka kwa miezi miwili, wala haujui siku uliyozaliwa. Zile orodha za namba "za moto" na "zilizochelewa" zinaeleza yaliyopita kwa usahihi na yajayo kwa sifuri. Hakuna mchanganyiko wenye nafasi kubwa kuliko mwingine.

Lakini kuna kitu kimoja kilicho mikononi mwako: idadi ya watu utakaogawana nao. Hapa ndipo uchaguzi wa namba unapokuwa na maana, na ndipo wachezaji wengi wanapojikata miguu.

Tarehe 14 Januari 1995, wiki chache tu baada ya Lotto ya Uingereza kuanza, zilitoka 7, 17, 23, 32, 38 na 42. Jekipoti ilikuwa zaidi ya pauni milioni 16. Washindi wakawa 133, na kila mmoja akaondoka na takriban pauni 122,500. Ukiziangalia namba hizo kwenye fomu ya kujazia, zimekaa katikati, pale kalamu inapoanguka yenyewe, tena zimeachiana nafasi vizuri. Watu wakijaribu kuchagua ovyo, huchagua ovyo kwa namna moja.

Afrika Kusini, tarehe 1 Desemba 2020, PowerBall yao ilitoa 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa pembeni ukawa 10. Watu wakapiga kelele kuwa kuna mchezo mchafu, lakini mstari huo una nafasi sawa na mwingine wowote. Cha kutazama ni kwamba washindi walikuwa 20, kwa sababu wapo wengi wanaocheza namba zinazofuatana wakidhani ni wao peke yao wenye wazo hilo. Na Machi 2005 nchini Marekani, watu 110 walipata namba tano za Powerball kwa mpigo. Walikuwa wamezitoa kwenye vijikaratasi vya bahati vinavyofichwa ndani ya biskuti, vilivyochapwa na kiwanda kimoja.

Halafu kuna Bulgaria. Tarehe 6 Septemba 2009 zilitoka 4, 15, 23, 24, 35 na 42, na hakuna aliyezipata zote. Siku nne baadaye zikatoka namba zilezile sita, na safari hii walizipata watu 18, maana wapo wanaojaza namba za droo iliyopita kila mara.

Tarehe za kuzaliwa nazo zina kasoro yake. Ukizuia namba zako kati ya 1 na 31, unacheza ndani ya michanganyiko 736,281, ambayo ni asilimia 5.3 tu ya yote katika 6 kati ya 49. Nafasi yako haipungui. Ila kila anayecheza siku za kuzaliwa za wanawe amejibana na wewe ndani ya chumba hichohicho.

Kwa hiyo, ukitaka mgao mnono siku ya maajabu, weka namba kadhaa zilizo juu ya 31. Usichore umbo kwenye fomu, iwe mstari, msalaba au herufi ya jina. Usirudie namba zilizotoka, na usikimbie namba mbili zinazofuatana: karibu nusu ya droo zote za 6 kati ya 49, asilimia 49.5, zina walau jozi moja ya namba jirani, ilhali wachezaji wengi huziepuka kwa kuona "haziwezi". Au acha mashine ikuchagulie. Mashine haina mtoto aliyezaliwa tarehe 12.

Kuna sababu nyingine ya kupenda mashine, nayo ni muhimu kuliko zote. Mtu mwenye namba zake za kudumu amejifunga mnyororo. Baada ya miaka miwili anazijua kwa moyo, na kuanzia hapo hawezi kuacha hata wiki moja, kwa hofu kwamba zitatoka siku hiyohiyo. Analipa kwa ajili ya hofu, na ndoto imeshatoweka zamani. Namba za mashine huzikumbuki, kwa hiyo wiki ambayo hukucheza hakuna cha kukuumiza. Kama tayari unazo namba za kudumu, zivunje leo: badilisha tatu, wiki ijayo badilisha tatu nyingine, mpaka usizikumbuke.

Mistari ya mfumo na kununua kwa kikundi

Tiketi za mfumo zinakuruhusu kuweka alama namba zaidi ya sita. Wauzaji huzieleza kama ujanja, ila ni mistari mingi tu kwenye karatasi moja. Namba 7 ni mistari 7, namba 8 ni 28, namba 9 ni 84, namba 10 ni 210, na namba 12 ni 924. Bei hupanda kwa idadi hiyohiyo. Faida yake ni kwamba namba zako zikiingia, zawadi ndogo huja kwa kundi, na hasara ni kwamba zisipoingia, zinakosa zote pamoja.

Kikundi ndiyo njia ya heshima ya kucheza mistari mingi. Watu kumi wenye mistari kumi wana nafasi mara kumi ya kugawana sehemu ya kumi. Kwa wastani hakuna aliyefaidi, ila ndoto inapata wasikilizaji. Ugomvi huja zawadi inapokuja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jekipoti bila daftari hupotea mahakamani. Karatasi moja inatosha, iwe na majina na sahihi za wote, kiasi cha mchango, na saa ya mwisho ya kutoa pesa kabla ya kila droo. Iseme nani ananunua, na nani anamshikia nafasi akisafiri. Iseme kama zawadi ndogo zinagawanywa au zinanunua tiketi za wiki ijayo. Na iseme wazi swali ambalo huwagombanisha wengi: mtu ambaye wiki hii hakutoa, yumo au hayumo? Jibu lolote linafaa mradi liliandikwa kabla.

Mnunuzi atume picha ya tiketi kwa wote kabla ya droo, si baada. Na kama naye anacheza yake binafsi, ainunue kando, kwa malipo tofauti, aandike jina lake nyuma papo hapo. Akichanganya zote mfukoni, siku moja yake itashinda na hakuna atakayemwamini.

Kikaratasi chenyewe

Fomu ya kujazia si tiketi. Watu wamekwenda kudai zawadi wakiwa na fomu waliyoijaza kwa kalamu, lakini kinachohesabika ni kile kilichochapwa na mashine. Jaza kwa wino mweusi au wa bluu, alama ikae ndani ya kisanduku, na ukikosea chukua fomu mpya; mashine haisomi nia yako, inasoma wino. Kabla hujaondoka dirishani, soma vitu vitatu kwenye tiketi: namba, idadi ya mistari, na tarehe ya droo. Tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi. Mauzo hufungwa kabla ya droo, na ukichelewa kwa dakika moja tiketi yako ni ya droo ijayo.

Sasa iangalie karatasi. Tiketi nyingi huchapwa kwa joto, kama risiti za dukani. Maandishi si wino, ni kemikali iliyobadilika rangi ilipopata joto. Ndiyo maana ukiipiga pasi kuinyoosha, inageuka nyeusi yote. Ukiipiga laminesheni ili idumu, umeiua kwa mkono wako. Ikikaa kwenye kioo cha mbele cha gari, jua linaimaliza, na baadhi ya mifuko laini ya plastiki hufifisha maandishi ndani ya wiki kadhaa. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya kitabu au droo ya kabati, mbali na jiko na dirisha. Suruali inayoenda kufuliwa isikaguliwe kwa kupapasa tu.

Andika jina na sahihi nyuma. Sehemu nyingi tiketi isiyo na sahihi ni kama noti: aliyeishika ndiye mwenyewe. Piga picha pande zote mbili, uitunze, wala usiirushe mtandaoni hata kwa utani, kwa kuwa namba za utambulisho na ile michirizi ya kuskani vinaweza kunakiliwa. Anayenunua kwa simu au intaneti hana karatasi ya kulinda, ila ahakikishe akaunti ina jina lake halisi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Akaunti yenye jina la kubuni huleta maswali siku ambayo hutaki maswali.

Kukagua kuna utaratibu. Anza mwenyewe, kwenye matokeo rasmi, ukisoma kwanza tarehe ya droo. Angalia ngazi zote za zawadi, si jekipoti peke yake, na uangalie kila mstari. Ukienda kwa wakala, simama pale unapoiona skrini, na tiketi irudi mkononi mwako kabla ya mazungumzo kuendelea. Wakala akisema "haina kitu" huku akiitupa chini ya kaunta, iombe.

Muda wa kudai nao una mwisho. Uingereza ni siku 180. Katika majimbo ya Marekani huanzia siku 90 hadi mwaka mzima. Juni 2012 tiketi ya EuroMillions iliyonunuliwa eneo la Stevenage na Hitchin, Uingereza, ilishinda pauni milioni 63.8. Desemba ikafika, hakuna aliyejitokeza, na pesa zikaenda kwenye miradi ya jamii.

Wanaodai wana njia

Njia zimewahi kuwepo, na zote zimeshafungwa. Mwaka 1992 kundi la Stefan Mandel, mwanahesabu mzaliwa wa Romania, liliiendea bahati nasibu ya Virginia, iliyokuwa 6 kati ya 44, yaani michanganyiko 7,059,052 kwa dola moja kila mmoja. Jekipoti ilikuwa dola milioni 27. Walitaka kununua yote, muda ukawaishia wakiwa na kama milioni 5, na bado wakaipata. Huko Massachusetts, mchezo wa Cash WinFall ulikuwa ukimwaga jekipoti kwenye zawadi ndogo kila ilipovuka dola milioni 2 bila mshindi. Makundi yaliyojua hesabu yalinunua tiketi kwa maelfu siku hizo tu, mpaka mchezo ulipofungwa mwaka 2012. Wote hao walikuwa na mtaji mkubwa, watu wa kujaza fomu mchana kutwa, na kasoro iliyo wazi kwenye kanuni. Hakuna aliyekisia namba.

Waliojua namba kweli walikuwa wezi wa ndani. Tarehe 24 Aprili 1980 huko Pennsylvania zilitoka 6, 6, 6 baada ya mipira yote isipokuwa ya 4 na 6 kuongezwa uzito kwa rangi iliyodungwa ndani. Miaka ya baadaye, ofisa wa usalama wa kompyuta wa chama cha bahati nasibu za Marekani alipachika programu yake kwenye mashine ya kuzalisha namba, akahukumiwa mwaka 2017. Siku hizi mipira inapimwa uzito na kipenyo, seti hufungwa kwa lakiri, na seti ya siku huchaguliwa kwa kura.

Kwa hiyo anayekuuzia "namba za uhakika" kwa ujumbe wa simu, muulize tu kwa nini yeye mwenyewe hazichezi. Na ujumbe unaosema umeshinda mchezo ambao hukununua tiketi yake ni wizi, hata uwe na nembo na mhuri. Dalili ni ileile kila mara: kabla ya kupewa zawadi unatakiwa kulipa kitu kidogo, kodi, ada ya usajili, gharama ya kutuma. Bahati nasibu halali hukata kodi kwenye zawadi yenyewe au hukuachia ulipe serikalini, haikuombi nauli.

Ikitokea

Tuseme namba zote zimeingia. Kagua mara ya pili, kesho yake asubuhi, na mtu mmoja unayemwamini asome namba kwa sauti wakati wewe unaangalia. Sahihi iwepo nyuma, picha ziwepo, tiketi ihamie kwenye kasha la benki. Kisha nyamaza. Anayetangaza usiku uleule ataamka na orodha ya wahitaji ndefu kuliko jekipoti. Kabla ya kwenda kudai, pata mwanasheria na mhasibu, na uulize kama sheria za mahali hapo zinaruhusu jina lako kubaki siri. Sehemu nyingine zinaruhusu, nyingine lazima litangazwe. Muda wa kudai unatosha kufanya haya bila haraka.

Namba ya kwenye bango si utakachopewa. Jekipoti kubwa kuliko zote hadi sasa, Powerball ya Novemba 2022, iliandikwa dola bilioni 2.04. Hiyo ni jumla ya malipo 30 ndani ya miaka 29, kila moja likizidi lililotangulia kwa asilimia 5, na la kwanza ni kama asilimia 1.5 tu ya jumla. Aliyetaka taslimu kwa mkupuo alistahili dola milioni 997.6, kabla ya kodi. Serikali kuu ya Marekani hukata asilimia 24 papo hapo na hudai zaidi baadaye. Uingereza haikati kitu kwenye ushindi wenyewe.

Madeni yalipwe kwanza, kazi isiachwe mwezi wa kwanza, na kiasi cha kuwapa ndugu kiamuliwe mara moja, kiandikwe, kitolewe kwa mkupuo. Kugawa kidogo kidogo ndiko kunakoharibu undugu, kwa sababu kila atakayekuja baadaye ataambiwa hapana. Simulizi za washindi waliofilisika ni tamu kusimulia, lakini utafiti wa washindi wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kuwa kwa miaka mingi baadaye walioshinda zaidi walikuwa wakiridhika na maisha kuliko walioshinda kidogo. Pesa haziwaharibu watu wengi kama tunavyopenda kuamini.

Kapu kando

Kiasi cha tiketi kitoke kwenye pesa za starehe, pale inapotoka soda au vocha ya kutazama mpira. Kiamuliwe mwanzoni mwa mwezi, si dirishani. Jekipoti ikivimba kiasi hicho kisivimbe nayo. Usikope, na zawadi ndogo ukiipata itoe nje ya mchezo angalau nusu.

Jihadhari na hisia ya "nilikosa kidogo". Una 22, imetoka 23, moyo unadunda kana kwamba uligusa mlango. Katika bahati nasibu 22 haiko karibu na 23 kuliko ilivyo 41. Namba kwenye mipira ni majina tu. Tiketi za kukwangua hukoleza hisia hii, maana mara nyingi utakuta alama mbili zinazofanana na ya tatu imekosekana. Kwa hizo za kukwangua kuna jambo la ziada: waendeshaji wengi hutangaza zawadi kubwa zilizobaki katika kila mchezo. Soma kwanza, kwani tiketi zinaweza kuendelea kuuzwa baada ya zawadi kubwa kuchukuliwa.

Mtu akianza kuficha tiketi nyumbani, kununua leo ili kurudisha za jana, au kuchelewesha kodi ya nyumba kwa ajili ya droo, asimame kabisa. Sehemu nyingi kuna simu za msaada na fomu ya kujizuia mwenyewe kununua, na inafanya kazi vizuri ikijazwa mapema.

Tiketi iliyokosa nayo isitupwe papo hapo. Baadhi ya michezo ina droo ya pili kwa tiketi zilizoshindwa, na maelekezo huwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo. Ukishayasoma na kukagua mara mbili, ichane, uitupe na takataka za kawaida. Karatasi ya joto haifai kuchanganywa na zile za kurejelezwa.